Futi Ishirini na Sita

Nilikuwa chini wakati wanabishana.
Futi ishirini na sita, udongo umeshageuka mara tatu:
mwekundu wa mikorosho, kisha mweupe unaonata,
kisha wa kijivu, mgumu, unaorudisha sululu mkononi.
Hapo sululu ikalia tofauti.
Nikapangusa kwa kidole gumba:
kombe. Kombe la baharini, limefumba mdomo,
na mistari yake yote, zito kama kufuli la ghala.
Kutoka hapa Mipingo hadi maji ya chumvi
ni kutwa nzima kwa mguu.

Nikalitia ndooni, nikatikisa kamba mara mbili.
Ndoo ikapanda. Haikurudi.

Ukiwa chini, mdomo wa kisima ni kama ungo.
Vichwa vikaingia kwenye ungo, vikatoka.
Sauti hushuka vizuri kisimani,
vizuri kuliko hewa.

Kwanza Mwalimu Malibiche, wa Baiolojia:
"Hapa palikuwa bahari. Miaka milioni mia na hamsini.
Mjusi wa Tendaguru alikanyaga matope ya ufuko huu huu."
Milioni. Neno hilo mimi nalijua kwa korosho tu,
nalo huishia kwenye makato.

Katekista Hokororo akacheka kwa pua:
"Bahari ilipanda mlima yenyewe? Hiyo ni gharika.
Safina ilipita juu ya kichwa chako, Mwalimu,
kombe likabaki kuwa shahidi."
"Yaani kombe nalo lilizama?"
"Usinichekeshe. Wewe uliyewafundisha watoto
kwamba babu yao ni nyani."
"Sijasema nyani."
"Mwanangu kaandika kwenye daftari, na umemwekea vema!"

Chitanda, mwenye kisima, mtu wa sala tano,
hakutaka ugomvi kwenye shimo analolilipia:
"Akiliambia jambo kuwa, huwa.
Siku zake hazimo kwenye kalenda yako ya ukutani."
"Hilo ni kukwepa," akasema Mwalimu.
"Nakwepa, ndiyo. Mwenye deni la saruji ni mimi."

Mama Nantumbwe, aliyeolewa hapa kutoka Newala,
alikuwa akisubiri ule udongo mweupe apake ukuta:
"Kwetu alikuwapo mmoja, hajawa mtu bado, haogi, hanyoi.
Akachonga mti, akausimamisha nje, akalala.
Asubuhi mti ukamwamkia."
"Na yeye, nani alimchonga?"
"Si ndiyo nawauliza nyie mliosoma."

Kimya. Kamba ikalegea.
"Nandonde! Ndoo!"
Nandonde, mshika kamba wangu, alikuwa na swali:
"Na kabla ya hiyo bahari?"
Wakaanza upya, wote kwa pamoja.

Nikachutama. Nikapapasa ukuta gizani:
makombe mengine, mstari mzima,
yamejipanga kama watu kwenye mgao wa salfa.
Nikamkumbuka babu wa babu yangu,
aliyebeba mfupa kichwani siku nne hadi bandari ya Lindi
na hakuambiwa ni wa nani. Alilipwa rupia.
Ule mfupa uko Berlini, umesimama, unalipiwa kiingilio.
Sisi bado tunachimba maji.

Sikumkana Mungu pale chini, wala sikuikana milioni.
Nilikuwa nahesabu pumzi.

Waliponipandisha, jua lilikuwa limeshahama upande.
Wote wakanitazama kana kwamba nimetumwa.
"Wewe uliyelikuta mahali pake, unasemaje?"
Nikasema: pamekauka.
Niko ndani ya bahari nzima, kama mnavyodai,
na hakuna hata unyevu wa kulowesha kucha.

Mwalimu alilitaka kombe kwa maabara,
Katekista kwa mafundisho ya Jumapili,
Chitanda akasema shimo lake, kombe lake.
Mama Nantumbwe alishajaza karai lake akaenda zake.

Kesho nashuka tena. Nandonde nimemwambia
aulize lolote analotaka,
ila kamba aizungushe kwanza kiunoni.